Kibanda cha kukunja juu ya mutumbwi

Umekwisha kupita pembeni ya ziwa Tshangalele, ao kwenye Lufira, asubuhi mapema, wakati ukungu ungali juu ya maji? Pengine umeona bata wa pori. Wako katika matete, wanakula, wanaongea wao kwa wao. Jaribu sasa kuwasogelea na mutumbwi. Ungali mbali, mumoja anainua shingo, wote wananyamaza, kiisha pruuu! wameruka. Wewe unabaki na kasia mukononi.

Watu wa Marekani wanajua shida hii tangu zamani, na wameitafutia dawa. Mwezi huu tunakuonyesha werevu wao mumoja: kibanda cha kukunja kinachofungwa juu ya boti ndogo. Wewe kijana unayependa nyundo na musumeno, soma vizuri. Na wewe baba ao mama, usiruke ukurasa huu. Mbele kuna neno linalogusa maisha ya watu.

BATA ANAONA NINI?

Macho ya bata hayako mbele kama yetu. Yako pembeni ya kichwa, ndiyo sababu anaona karibu pande zote bila kugeuka. Anatambua rangi vizuri. Tena anafika kutoka juu, anachungulia ndani ya boti kama mutu anayechungulia ndani ya chungu.

Vitu vitatu njo vinamukimbiza: kitu kinachotikisika, kitu kinachong'aa, na uso wa mutu ulioinuliwa juu. Kumbe mutu anaweza kununua kitambaa cha bei kali chenye rangi za majani, na bado bata wakamukimbia, sababu hawezi kutulia! Kibanda kinaficha mikono na mwili. Kutulia hakuuzwi dukani.

Werevu huu si wa jana. Karibu mwaka 1836, kule New Jersey, fundi mumoja jina lake Hazelton Seaman alitengeneza mutumbwi mudogo, wa chini sana, uliofunikwa juu na mbao. Muwindaji alilala ndani, akaweka majani ya pwani juu ya mbao, na kutoka mbali ulionekana kama kisiwa kidogo cha nyasi. Boti za leo ziko na kuta ndefu zaidi na motere nyuma. Juu ya hizo ilihitajiwa kitu kinachosimama wakati wa kungoja, na kulala wakati wa kusafiri.

KAZI YENYEWE

Tuchukue boti ya aluminium ya kule kwao, yenye pua ya muraba, urefu mita 4,20, upana mita 1,50. Kila upande unahitaji:

– tiyo 1 ya mita 3, itakayokuwa mwamba wa juu;
– tiyo 4 za sentimita 75, zitakazokuwa miguu;
– tiyo 1 ya mita 1 na kidogo, ya kuegemeza;
– bulo 8 za miguu, na pini 2 za kuchomoa kwa mukono.

Chagua tiyo za aluminium, unene milimita 25. Kwa pande mbili utatumia karibu mita 14. Kama ukuta wa tiyo ni milimita 1,5, zote pamoja zina kilo 4 na kidogo. Ukitumia chuma cha kipimo kilekile, ni kilo 12. Juu ya mutumbwi mudogo, kilo 8 zilizopanda juu ni jambo kubwa. Fundi wa atelye anaelewa: uzito ukikaa chini unatuliza, ukikaa juu unapindua.

Funga miguu kwenye ukingo wa boti, kila mumoja mbali na mwenzake mita 1, na bulo moja chini. Usikaze bulo mpaka mwisho. Muguu lazima uweze kuzunguka. Kiisha funga mwamba juu ya miguu yote, tena kwa bulo moja moja. Sasa sukuma mwamba kuelekea pua ya boti: miguu yote inalala pamoja, na mwamba unashuka polepole mpaka unalala juu ya ukingo. Uvute kuelekea nyuma: vyote vinasimama.

Kwa nini kuelekea pua? Sababu motere iko nyuma. Mwamba ukilala unasogea sentimita 75, na lazima usiguse mutu anayeshika motere. Tena kwa kuwa miguu ni mifupi kuliko ile mita 1 inayoitenga, hakuna muguu utakaolala juu ya mwingine. Pima kwanza, toboa nyuma.

Ile tiyo ya kuegemeza inafungwa mushazari, kutoka mwamba hadi ukingo, na pini mbili. Bila hiyo, upepo wa kwanza utalaza kibanda chako. Inamisha pia vyuma vya kushikia miguu kidogo kuelekea ndani, ili kuta mbili zikaribiane juu. Acha nafasi ya mita 1 katikati, ya kuinukia.

Kitambaa ni bashi, kama ile ya kufunika kamyo, lakini nyepesi, yenye rangi ya udongo isiyong'aa. Inafungwa kwenye mwamba, inashuka inje ya boti karibu kugusa maji. Juu yake unashona wavu wa kamba, na kwenye wavu unafunga mafungu ya matete makavu. Chukua matete ya pahali pale pale utakapojificha. Majani ya mulima katikati ya matete ya maji, bata atayatambua kama vile sisi tunavyotambua mugeni sokoni. Mwisho, paka tiyo zote rangi isiyong'aa.

Ukifika, usimamishe boti na upepo mugongoni. Bata anatua akielekea upepo, kwa hiyo atakuja mbele yako.

SIKU ILE YA NOVEMBA

Sasa lile neno tuliloahidi. Tarehe 11 Novemba 1940 ilikuwa siku ya mapumziko katika Marekani. Asubuhi hewa ilikuwa ya vuguvugu. Wawindaji wengi walikwenda kwenye visiwa vya muto Mississippi na nguo nyepesi. Mabata yalikuja mengi kuliko siku zote, na watu walifurahi, wakakaa. Hawakujua kama mabata yale yalikuwa yanakimbia kitu.

Mbele ya jioni zoruba ilifika. Baridi ilishuka gafula, teluji ikafunga macho, mawimbi yakajaza mitumbwi. Katika nchi yote ile ya katikati, zoruba ile iliua watu zaidi ya 140, na wengi kati yao walikuwa wawindaji wa bata. Kesho yake, rubani mumoja wa muji wa Winona, jina lake Max Conrad, alirusha ndege yake ndogo katika upepo mukali, akawatafuta waliobaki juu ya visiwa, akawaangushia chakula na viberiti.

Utaniuliza: «Hii yote juu ya bata tu?» Ndiyo. Mutu anapoona faida mbele yake, anasahau kutazama mbingu. Sisi watu wa mashimo tunajua jambo hili bila kusomeshwa: mushipa wa madini ukiwa muzuri, njo saa mutu anasahau kutazama mbao zinazoshika udongo juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo mafundi wenye akili wanafuata kanuni hizi:

1. Kibanda kinasimama tu wakati boti imetulia. Ukisafiri, ukilaze: kinakamata upepo kama tanga, tena kinafunga macho ya dereva.
2. Hesabu uzito wote: watu, motere, esansi, bunduki, na matete yaliyolowana. Kule, boti ndogo za motere zinabandikwa kibao chenye kusema uzito usiopaswa kupitwa.
3. Usifunge bashi pande zote. Boti ikipinduka, lazima mutu atoke bila kutafuta mulango.
4. Vaa jileti ya kuogelea ukiwa ndani ya kibanda pia, si kuikalia.
5. Mbele ya kuondoka, ambia watu wa nyumba pahali unapokwenda na saa ya kurudi.

SHERIA NA RISASI

Werevu bila kipimo unamaliza nyama. Wamarekani waliona hivyo, wakaweka sheria kubwa ya ndege wahamaji mwaka 1918. Tangu 1934, muwindaji wa bata mwenye miaka 16 na zaidi anapaswa kununua tembre kila mwaka. Bei ilikuwa dola 1, leo ni dola 25, na karibu feza yote inatumiwa kununua na kulinda mabwawa. Ni kosa pia kupiga bata boti ikiwa inasukumwa na motere.

Na tangu 1991 wamekataza katika nchi yote kuwapiga bata kwa chembe za risasi. Lugha yetu inasema kweli: risasi ni jina la madini, na ni jina la kile kinachotoka mudomoni mwa bunduki. Chembe zilizoanguka katika matope, bata anazimeza akizania ni vijiwe vya kusagia chakula, na sumu inamuua polepole. Sisi tunaoishi karibu na viwanda vya madini tusicheke jambo hilo.

Kwetu, katika parki ya Upemba iliyoumbwa mwaka 1939, kuwinda kumekatazwa. Lakini, kijana, hakuna anayekataza kutazama. Nje ya parki, tengeneza kibanda chako kwa fito na matete, kaa kimya ndani yake asubuhi moja na wadogo zako. Hesabuni aina za ndege, andikeni katika kaye. Mutarudi bila nyama, lakini mutakuwa na mengi ya kuongea mbele ya bukari.