Kitambi cha mtoto wa mbwa si shibe

Buseresere, wilayani Chato, mbwa ana kazi. Analinda zizi, analinda duka usiku, na kwenye machimbo madogo ya dhahabu analala juu ya viroba vya mawe yanayosubiri kusagwa kwenye karasha. Ujira wake ni makombo ya ugali na vichwa vya dagaa. Matibabu hana.

Mtazame mtoto wake wa wiki tano. Tumbo limejaa kama ngoma, mbavu zinahesabika, manyoya yamefifia. Mfunue mdomo: fizi zimepauka. Watu husema ameshiba maziwa. Ameshiba minyoo, na huenda alizaliwa nayo. Mabuu ya minyoo mviringo hulala ndani ya nyama ya mama yake kwa miezi. Mimba ikikaribia kukomaa huamka na kumwingia mtoto tumboni. Minyoo ya safura hupitia kwenye maziwa, hung'ata utumbo na kunyonya damu. Mtoto anaweza kufa kabla kinyesi chake hakijaonyesha yai hata moja.

Kwa hiyo dawa haisubiri dalili. Huanza wiki ya 2, hurudiwa kila wiki 2 hadi ya 8, na mama anywe pamoja na watoto wake. Mbwa mkubwa ni kila miezi 3. Tegu hutaka praziquantel, ileile wanayomezeshwa wanafunzi wa Kanda ya Ziwa kwa ajili ya kichocho, na viroboto wauawe pia, maana hubeba baadhi ya tegu. Dozi hufuata uzito. Tafadhali usimkadirie kwa macho dawa ya ng'ombe.

Mayai ya minyoo mviringo huiva udongoni kwa wiki 2 au zaidi, kisha hudumu miaka. Mtoto wa binadamu anayecheza uani na kulamba vidole huyameza, na mabuu yanaweza kufika kwenye ini, mapafu, hata jicho. Wachimbaji nao wana historia na safura: mwaka 1880 iliwadhoofisha wajenzi wa handaki la Gotthard, Uswisi. Ile ilikuwa ya binadamu. Ya mbwa hupenya mguu mtupu na kuchora chini ya ngozi mistari inayowasha vibaya, na kwenye mialo ya dhahabu wengi huingia peku.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inapofika kijijini, mbwa hukusanywa mahali pamoja, kamba shingoni. Siku hiyohiyo afisa mifugo aje na vidonge vya minyoo na mizani.