Magoma: mkonge ulipopungua, ardhi ikabaki ya nani?

Ukitoka Korogwe mjini kuelekea Mashewa unaingia bonde la mto Lwengera, lililokaa katikati ya Usambara ya Magharibi na ya Mashariki. Magoma imo humo. Juu milimani kuna baridi, migomba na maharage; huku bondeni ni joto, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita mtu aliyesimama popote aliona mistari ya mkonge imenyooka mpaka miguuni mwa mlima. Anayepita leo akiona mashamba yaliyomezwa na vichaka huambiwa sababu moja: plastiki iliingia, mkonge ukafa. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Plastiki iliua bei, lakini bei hushuka na kupanda. Kilichoidhoofisha miji ya mkonge kama Magoma kwa miongo mingi ni mashamba kuachwa bila kupandwa upya, pamoja na jambo ambalo halisemwi sana: watu wameishi vizazi vitatu juu ya ardhi ambayo haijawahi kuwa yao.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, na mwaka 1902 ikafika Korogwe. Ardhi ilipatikana na reli ikapatikana, ila wafanyakazi hawakutosha. Wasambaa walikuwa na mashamba yao milimani na hawakuona sababu ya kuyaacha wakakate majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Mwaka 1907 Wajerumani waliweka kadi ya kazi katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, iliyomlazimu mwanamume kufanya kazi ya walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Hata hivyo haikutosha. Chini ya Waingereza, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali: Njombe, Songea, Unyamwezi, Kigoma, Ruanda-Urundi, na Msumbiji walikotoka Wamakonde na Wamakua. Walipewa kipande cha siku 30, chumba kambini na posho. Wengi walikuja wakidhani watarudi.

Kazi ilianza alfajiri kabla jua halijakaza. Mkataji alikata ncha ya mwiba, akalaza majani, akafunga vitita vya majani 30, akabeba begani hadi pembeni mwa shamba. Yalisafirishwa haraka hadi korona, kinu cha kuchakata, kwa sababu jani lililokatwa halingoji: likikaa siku mbili tatu singa zinaharibika rangi na ni kazi kuzisafisha. Kinu kilisaga na kuosha kwa maji mengi, singa zikaanikwa juani, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota, zikaenda bandari ya Tanga. Katika kila tani mia moja za majani, singa ni kama tani nne tu. Zilizobaki ni maji na makapi yaliyomwagwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuvuna mkonge wake Magoma akausafirisha ukiwa mbichi kwenda kuuchakata mbali. Shamba na kinu ni kitu kimoja, na mwenye kinu ndiye mwenye sauti.

Kampuni ilimiliki pia nyumba, bomba la maji, zahanati na barabara ya kutokea. Wafanyakazi waliijua nguvu hiyo na walipambana nayo. Mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958 ni sura muhimu katika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini, ingawa watoto wetu hawafundishwi. Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mkonge, alipelekwa kuishi kwa amri Sumbawanga mwaka 1963, na safari hiyo amri ilitoka kwa serikali ya nchi huru.

Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 230,000 za singa, ikiongoza duniani. Kilele na mteremko vilikutana mwaka huohuo. Sehemu kubwa ya singa zile ilikuwa kamba za kufungia majani makavu ya ng'ombe katika mashamba ya Ulaya na Amerika, na kamba ya aina hiyo ilikuwa rahisi mno kuigwa kwa nyuzi za mafuta ya petroli. Bei ikaporomoka. Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba, na mwaka 1973 yakawa chini ya Mamlaka ya Mkonge. Wapo wanaohesabu anguko kuanzia hapo, kana kwamba mashamba yalikuwa na afya njema hadi serikali ilipoyagusa. Si haki. Serikali ilirithi zao ambalo soko lake lilikuwa limeshapasuka, na wenye mashamba wengi walikuwa wameshapunguza wafanyakazi na kupanda kidogo.

Lakini serikali haiwezi kukwepa lawama ya yaliyofuata. Mkonge hupandwa, ukasubiriwa kama miaka mitatu ndipo ukatwe mara ya kwanza, kisha hukatwa kwa miaka minane au kumi hadi unapotoa mlingoti na kufa. Meneja asiyepanda mwaka huu haonekani kuwa amekosea. Majani ya zamani yapo, kinu kinazunguka, mshahara unatoka. Pengo huonekana baadaye sana, wakati yeye ameshahamishwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, vipuri vya korona na matrekta havikupatikana, na shilingi iliyothaminishwa kupita kiasi ilimfanya anayeuza nje apate kidogo. Kupanda upya kukawa jambo la mwaka ujao, kila mwaka. Utafiti ulikuwepo: kituo cha Mlingano, Muheza, kilizalisha aina chotara namba 11648 yenye majani mengi kuliko mkonge wa kawaida, japo ina udhaifu wake, ukiwemo ugonjwa wa madoa ya majani ambao wataalamu duniani wanauita kwa jina la Korogwe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilizalisha kama tani 20,000, chini ya moja ya kumi ya ile ya 1964.

Hapa inafaa kutazama mabonde mengine yaliyopoteza kinu chake. Kaskazini mwa Uingereza, mji wa Hebden Bridge katika bonde la mto Calder uliishi kwa viwanda vya nguo, na vilipofungwa karne ya ishirini wengi walihama. Baadaye wageni waliona nyumba za mawe zenye bei nafuu, na treni ziendazo Manchester na Leeds, wakanunua. Mji ulipona kwa namna yake, ingawa si lazima wenyeji wa zamani ndio waliofaidi. Ulipona kwa sababu nyumba ilikuwa kitu kinachoweza kuuzwa na kununuliwa bila kiwanda. Pamba yao haikuota bondeni. Ililetwa kutoka ng'ambo, kwa hiyo kiwanda kilipokufa hakikuacha maelfu ya ekari yaliyofungwa kwa jina la mtu mwingine.

Kwenye mashamba ya mkonge mambo ni kinyume, na nadhani hapa ndipo uchambuzi mwingi unapokosea kwa kutazama soko peke yake. Yafikirie maisha ya mjukuu wa manamba. Babu yake alitoka Njombe au Newala akiwa kijana. Baba yake alizaliwa kambini na akakata mkonge. Yeye anazungumza Kiswahili na Kisambaa, mazishi ya wazee wake yako hapa, na huko kunakoitwa kwao hajawahi kufika. Kinu kiliposimama alipoteza ujira, lakini jirani yake Msambaa aliyepoteza ujira uleule alikuwa na shamba la ukoo mlimani. Huyu wa kambini alikuwa na kijishamba cha mahindi pembezoni mwa mkonge, kwa ruhusa ya mdomo. Ruhusa hiyo ilimtosha muda wote mashamba yalipokuwa pori. Taabu hurudi pale mwekezaji anapokuja.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji hati ya kimila, na hilo ni jambo kubwa. Inamfaa aliye kwenye ardhi ya kijiji. Shamba la mkonge lenye hati ya miaka mingi ni ardhi ya jumla, na kambi imo ndani ya mipaka ya hati hiyo. Basi mtu aliyezaliwa pale hana cha kupimiwa. Hawezi kuikopea nyumba yake, hawezi kupanda mnazi akijua mwanawe ataula, na ana sababu nzuri ya kutojenga kwa tofali la kuchoma. Kijana anayeondoka kwenda kuendesha bodaboda Tanga au Dar es Salaam hakimbii uvivu wa mji. Anakimbia mahali ambapo jasho lake halishiki.

Mwaka 1998 mashamba ya mamlaka yalibinafsishwa kwa kampuni ya Katani, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa kuwagawia wakulima wadogo maeneo ndani ya mashamba. Magoma ilikuwa mojawapo ya mashamba matano ya mpango huo, pamoja na Hale, Mwelya, Magunga na Ngombezi. Wazo lilikuwa zuri, na bado naliona bora kuliko yote yaliyojaribiwa. Kasoro yake ni kwamba mkulima alipata majani bila kinu na bila hati. Gharama za kukata, kubeba na kuchakata zilihesabiwa na upande wa pili, yeye akapokea kilichobaki. Baadaye serikali ilirudi mashambani, wakulima wakakusanywa katika vyama vya ushirika, AMCOS, na mwaka 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisukuma mkonge uwe zao la kimkakati, lengo likiwa tani 120,000 ifikapo 2025. Wakati huo nchi ilikuwa haifikishi tani 40,000. Uzalishaji umepanda tangu hapo, dunia inaanza kuichoka plastiki, na watu wa mijini wanatafuta ekari za mkonge.

Ninalifurahia hilo kwa dhati. Ila nahofia kasi yake, kwa sababu kila ekari inayopata thamani ni ekari ambayo mtu fulani analima mahindi kwa ruhusa ya mdomo. Tani zinaweza kupanda na kambi ikabaki ilivyo. Miaka ya 1950 ilikuwa hivyohivyo. Sheria ya Ardhi inampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya jumla kuwa ya kijiji. Haihitaji kuwa shamba zima. Kambi na makaburi yake, shule, zahanati na eneo la chakula kuzunguka makazi ni sehemu ndogo ya shamba, na kuzitoa kwenye hati hakuzuii jani hata moja kufika kinuni. Kazi hiyo inataka wapima ardhi, halmashauri ya Korogwe, na Bodi ya Mkonge kukubali kwamba mipaka ichorwe kabla ya miche mipya kupandwa, si baada ya mvuno wa kwanza.