Mboga kila mwezi, hata huku mlimani kwenye baridi

Wandugu walimaji, kila mwaka tunapotembelea kooperative za milima ya Masisi na Kabare tunaona jambo moja. Mwezi wa tano shu ni nyingi mpaka zinaozea sokoni. Mwezi wa nane mama anatafuta mboga na franka mkononi, anakosa. Watoto wanakula viazi bitupu. Watu wanasema ni juu ya baridi. Sisi tunasema: ni juu tunapanda wote wakati mmoja.

Ukipanda mlima metre 1000, joto linapungua karibu digri 6. Ndiyo sababu lengalenga inakawia huku juu, na sombe haipatikani vizuri. Lakini shu, puaro na karoti zinapenda ubaridi. Tena, puaro na karoti zikisha komaa zinaweza kungoja udongoni kwa majuma bila kuharibika. Shamba lenyewe linakuwa depo yako.

Tufanye hivi:

1. Tugawe mbegu. Usimwage zote siku moja; mwaga kidogo kila majuma 3. Toka siku ya kuhamisha miche, shu inaomba karibu miezi 3, puaro miezi 4 ao 5. Hesabu kwa kurudi nyuma: puaro ya kula mwezi wa saba ihamishwe mwezi wa pili ao wa tatu.

2. Ukikata shu, acha shina. Litachipuka tena majani ya kula nyumbani.

3. Wakati wa kiangazi, usiku bila mawingu ndio wenye baridi kali, na baridi hiyo inashuka bondeni. Miche ianze kwenye mteremko unaotazama jua la asubuhi. Usiku uifunike na majani makavu juu ya vijiti, asubuhi ufunue. Ikiisha kupata nguvu, ihamishe bondeni kwenye maji.

4. Lengalenga ipandwe karibu na ukuta wa jiko, pale jua linapiga, na mbolea iliyooza vizuri.

Kwenye mkutano ujao wa kooperative, kila kikundi kichague juma lake la kumwaga mbegu, muandike kwenye daftari. Hivyo hatutashushiana bei sokoni. Na katika kila shamba, mistari miwili ibaki ya nyumba. Hiyo haiuzwi, hata mnunuzi akija na bei nzuri.