Tiba ya kiwewe kwa kutembeza macho: Mkazi wa Sakina aanzie wapi?

JIONI ya Jumamosi, Februari 24, 2024, lori liliyagonga magari mengine matatu katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara kuu ya Arusha hadi Namanga. Watu 25 walipoteza maisha na wengine 21 walijeruhiwa. Barabara hiyo ndiyo inayopita Sakina, na wakazi wake huitumia kila siku kwenda mjini, sokoni na kazini.

Mfupa uliovunjika huonekana katika picha ya eksirei. Ajali ya namna hiyo, hata hivyo, huacha pia jeraha ambalo hakuna mashine inayolipiga picha. Abiria aliyetoka bila mchubuko anaweza kutetemeka kila asikiapo honi ya lori. Kijana aliyesaidia kubeba maiti anaweza kuamka usiku akipiga kelele miezi mingi baadaye. Hali hiyo ndiyo inayoitwa kiwewe.

Mkoa wa Arusha umekwishapitia misiba mingine mikubwa. Mei 5, 2013 bomu lilirushwa katika Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, na kuua watu watatu. Mei 6, 2017 basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent lilitumbukia korongoni wilayani Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Kila tukio liliacha nyuma yake wazazi, waokoaji, wauguzi na mashuhuda ambao majina yao hayakuingia katika orodha ya majeruhi.

Miongoni mwa tiba zinazotajwa sana duniani kwa watu wa aina hiyo ni ile ya kutembeza macho, inayojulikana kwa herufi nne: EMDR. Anayeitafuta akiwa Sakina anapaswa kwanza kuelewa ni kitu gani, kisha ajue namna ya kumpambanua mtaalamu wa kweli.

Si matibabu ya macho

Jina la tiba hii linaweza kumpotosha mtu akaishia katika kliniki ya macho. Macho hapa ni njia tu. Kinachotibiwa ni kumbukumbu.

Mwanzilishi wake ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, aliyefariki dunia mwaka 2019. Mwaka 1987, akiwa matembezini katika bustani, aligundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali macho yake yalipokuwa yakienda huku na huko. Alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989.

Katika tiba hiyo, mgonjwa hukumbuka kwa muda mfupi sehemu ya tukio linalomtesa huku akifuata kwa macho kidole cha mtaalamu kinachokwenda kushoto na kulia. Wakati mwingine hutumika kugusagusa mikono kwa zamu au sauti zinazopishana masikioni. Baada ya kila mzunguko mgonjwa husema kilichomjia akilini, kisha kazi huendelea. Kikao kimoja kwa kawaida huchukua dakika 60 hadi 90.

Kutembeza macho ni sehemu tu ya mpango wenye hatua nane. Hatua ya kwanza ni kuchukua historia ya mgonjwa, na ya pili ni kumwandaa na kumfundisha namna ya kujituliza. Mtu anayeanza kupunga kidole dakika tano baada ya salamu ameziruka hatua hizo mbili, na hiyo ni dalili ya hatari.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza tiba hii kwa watoto, vijana na watu wazima wenye ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe. Shirika hilo lilipendekeza pia tiba ya kurekebisha fikra na tabia inayolenga kiwewe. Tofauti moja ni kwamba EMDR haimlazimu mgonjwa kusimulia tukio kwa kina wala kufanya kazi za nyumbani kati ya vikao. Kwa mtu ambaye aibu au uchungu umemfunga mdomo, hilo si jambo dogo.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu namna inavyofanya kazi. Wapo wanaosema macho hayaongezi mengi, na kwamba kinachoponya ni kuikabili kumbukumbu mahali penye usalama. Wengine, wakiwamo watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wanaeleza kwamba akili ikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kumbukumbu hupoteza nguvu yake ya kutisha.

Nani anaihitaji?

Si kila aliyeona ajali ni mgonjwa. Kwa takwimu za WHO, takriban asilimia 70 ya watu duniani hupatwa na tukio la kutisha maishani, lakini ni asilimia 5.6 tu kati yao wanaopata ugonjwa huo. Walio wengi hupona kwa kupita kwa muda na kwa msaada wa ndugu, majirani na waumini wenzao.

Dalili za kuangalia ni majinamizi, picha za tukio zinazorudi bila kuitwa, kukwepa njia au watu wanaolikumbusha, na kushtuka ovyo. Zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi, masomo au ndoa, ni wakati wa kumwona mtaalamu. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikaze ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu akimbie.

Aidha, WHO haishauri watu wazima wapewe dawa za kutuliza za kundi la diazepamu ili kupunguza mfadhaiko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Kwenda kununua vidonge hivyo dukani si njia ya mkato ya kupona.

Pa kuanzia

Kwa mkazi wa Sakina, mlango wa kwanza ni hospitali. Upande wa mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na ile ya Kilutheri ya ALMC. Upande wa Ngaramtoni, kwa barabara ileile, kuna Hospitali ya Selian. Mgonjwa aeleze wazi kwamba dalili zake zilianza baada ya tukio fulani, ili asitibiwe kichwa na tumbo peke yake. Aulize pia kama anaweza kupewa rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba, ikiwamo Hospitali ya KCMC mjini Moshi.

Hatua ya pili ni kumuuliza mtaalamu huyo kuhusu EMDR kwa jina lake. Tiba hii hutolewa na mtu ambaye tayari ni mtaalamu wa afya ya akili, kisha akapata mafunzo ya ziada. Kwa kiwango kinachojulikana cha EMDRIA, chama kilichoundwa mwaka 1995 nchini Marekani, mafunzo ya msingi ni saa 20 za nadharia, 20 za mazoezi na 10 za kusimamiwa na mwenye uzoefu.

Hivyo mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali manne. Taaluma yako ya msingi ni ipi na umesajiliwa wapi? Nani alikufundisha EMDR, na kwa saa ngapi? Nani anakusimamia kazi zikiwa ngumu? Vikao vitagharimu kiasi gani, na vitafanyika kwa lugha gani? Mtaalamu wa kweli hakasiriki kwa maswali hayo. Anayeahidi kuponya kila kitu kwa kikao kimoja aepukwe.

Mgonjwa naye anao wajibu. Amweleze mtaalamu kama ana kifafa, maumivu ya macho au ujauzito, kama anatumia pombe au dawa za kulevya, na kama amewahi kufikiria kujiua. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri miadi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Asipopatikana mtaalamu wa karibu, barabara inayopita Sakina ndiyo hiyo iendayo Nairobi, ambako wapo watoa tiba hii. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayosimamia usajili wao. Baadhi ya wataalamu hufanya vikao kwa njia ya video. Anayechagua njia hiyo ahakikishe ana chumba cha faragha, intaneti isiyokatika na mtu wa karibu wa kumsaidia akizidiwa.

Isipopatikana EMDR

Kukosa EMDR si kukosa tiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha watoto yatima 640 katika eneo la Moshi na Bungoma, Kenya. Washauri wa kawaida, wasio madaktari, walifundishwa tiba ya kurekebisha fikra na tabia inayolenga kiwewe.

Baada ya tiba, watoto walioipata walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao wa huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, likiwamo la mjini Tanzania. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilibaki Kenya, wakati kwa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana.

Funzo ni kwamba mafunzo na usimamizi wa mtoa tiba vina uzito kuliko jina la tiba. Mshauri aliyefunzwa vyema aliyeko Moshi au Arusha ni bora kuliko mpunga kidole asiye na sifa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa aliyepita Kibaoni jioni ile na bado analikwepa eneo hilo, kilio hicho kinaweza kuzuilika kwa hatua moja: kwenda hospitali na kusimulia usingizi ulivyopotea.