Harara ya Mtoto Haihitaji Poda

Swali linaloulizwa na wazazi wa Buraza, Gitega na Muyinga nchini Burundi mara vipele vyekundu vinapojitokeza shingoni mwa mtoto mchanga ni poda ipi inayofaa, na jibu la kitabibu, ambalo halitabadilika kwa kuulizwa tena, ni kwamba hakuna. Swali lenye faida ni jingine: mtoto huyo amevalishwa nguo ngapi?

Harara hutokea pale vijinjia vinavyopitisha jasho kutoka kwenye tezi hadi juu ya ngozi vinapoziba, jasho likanaswa ndani na kuichokoza ngozi inayolizunguka. Na kwa kuwa vijinjia hivyo havijakomaa kwa mtoto mchanga, huziba kwa urahisi. Kizuizi kikiwa juu kabisa, huonekana vilengelenge vidogo mfano wa matone ya umande, visivyowasha na vinavyopasuka vikifutwa tu. Kikiwa chini zaidi, hutoka vipele vyekundu vinavyowasha, hasa kwenye mikunjo ya shingo, kwapani, kinenani, mgongoni na kila mahali nguo inapobana. Wanaoshangaa kuona harara Gitega, mji ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 ambako usiku wa Julai una baridi, husahau kwamba ngozi ya mtoto huishi katika hali ya hewa iliyo ndani ya nguo zake. Aliyevalishwa fulana, sweta, kofia ya sufu na soksi, akafunikwa blanketi kisha akafungwa mbelekoni huku mama akipanda mlima, anaweza kutokwa na jasho zaidi kuliko mwenzake anayelala bila nguo Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika.

Poda inasifiwa kwamba hukausha jasho, na imani hiyo hudumu kwa sababu huonekana kuthibitishwa kila siku: ili mtoto apakwe poda, ni lazima kwanza avuliwe, aoshwe na aachwe kidogo apigwe na hewa, hivyo harara, ambayo kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku chache ngozi ikipoa, huisha, na sifa zote hupewa kopo. Anayetaka ushahidi na afunue mkunjo wa shingo ya mtoto jioni, ataona poda iliyopakwa asubuhi imechanganyika na jasho na maziwa aliyocheua, ikawa vibonge vyeupe vinavyosugua ngozi ile ile iliyokusudiwa kutulizwa. Poda ya talki, yaani unga wa jiwe laini lililosagwa, ina hatari nyingine, kwani vumbi lake likivutwa huingia mapafuni. Nchini Ufaransa mwaka 1972, poda ya watoto ya Morhange iliyotiwa kimakosa heksaklorofeni, dawa ya kuua vijidudu, kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 6, iliua watoto 36, kwa sababu ngozi yao iliifyonza sumu hiyo hadi ikafika kwenye ubongo. Atakayesema kwamba lile lilikuwa kosa la kiwandani atakuwa amesema kweli, lakini ngozi iliyoipokea sumu hiyo ni ile ile ambayo wazazi huipaka chochote kinachonukia vizuri. Kampuni ya Johnson & Johnson yenyewe iliacha kuuza duniani kote poda ya watoto yenye talki mwaka 2023, ikabakiza ile ya wanga wa mahindi, ambayo nayo haizibui kijinjia chochote.

Mawese na vaselini huzidisha kizuizi. Pomadi zenye klobetasoli, dawa kali ya kuzima uvimbe wa ngozi, zinazouzwa bila cheti cha daktari, hufanya ngozi ya mtoto iwe nyembamba na hufyonzwa hadi kwenye damu. Hizo zisiguswe kabisa.

Yanayofaa ni machache: mtoto avuliwe nguo za ziada, abakizwe na vazi moja jepesi la pamba, aogeshwe kwa maji ya vuguvugu bila sabuni yenye manukato, akaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, akatwe kucha, na aendelee kunyonya. Joto lake lipimwe kwa kugusa kifua au kisogo, maana mikono ya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Muwasho ukizidi kwa mtoto aliyekwisha kukua kidogo, losheni ya kalamine husaidia.

Harara haileti homa, ingawa mtoto mwenye homa aliyefunikwa sana anaweza kupata harara, na hapo ndipo kosa la hatari hufanyika, kwa maana vipele hupakwa poda na malaria haipimwi. Vipele vinavyoambatana na homa, macho mekundu na mafua vinaweza kuwa surua. Vinavyowasha usiku, vikaonekana katikati ya vidole na kwa watu wengine nyumbani, ni upele. Vilivyo vigumu na vyenye usaha, vikafika hata viganjani na kwenye nyayo, ambako harara haifiki, vinahitaji kuchunguzwa haraka, hasa tangu mpox ilipothibitishwa Burundi mwezi Julai 2024 na kuwapata watoto wengi. Mtoto mwenye vipele vya aina hiyo, pamoja na yule anayekataa kunyonya au ambaye harara yake imetunga usaha, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Matibabu ya walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali nchini Burundi hayalipiwi tangu Mei 2006, ilhali poda hununuliwa.