Fahamu: Kinamasi cha Yala ni nini, na kwa nini kinagombaniwa?

Kiko wapi? Mito ya Nzoia na Yala inapokaribia Ziwa Victoria, hutandaza maji na matope. Hapo pametanda kinamasi cha takriban hekta 17,500, katika kaunti za Siaya na Busia nchini Kenya.

Nani huishi humo? Nzohe, swala mwenye kwato ndefu za kutembelea matopeni, hujificha kwenye mafunjo. Ziwa Kanyaboli, lililo ndani ya kinamasi hicho, limehifadhi ngege, samaki wa asili aliyekaribia kutoweka Ziwa Victoria.

Mgogoro ni upi? Kilimo kikubwa cha mpunga kilianza humo miaka ya 2000, na mafunjo hufyekwa ili kupisha mashamba. Lakini mafunjo huchuja uchafu wa mito na kuwapa wasusi malighafi ya mikeka. Yakifyekwa, wavuvi na wasusi ndio watakaoumia kwanza. Yalindwe.