Nasabu na Daftari za Meli: Je, Jina la Babu Katika Orodha ya Abiria ni Ushahidi?

Makala haya yametokana na swali nililoulizwa hapa Tunduma baada ya Swala ya Ijumaa.

Walinijia wazee wawili wa ukoo mmoja wa Mbozi, pamoja na kijana mgeni aliyetoka Uingereza. Babu wa ukoo alifariki mwaka 1955 akaacha wana wawili na shamba la kahawa. Shamba halikugawanywa. Mwana mkubwa alibaki akalilima, na mdogo alisafiri mwaka 1957, ikasemwa kuwa ameelekea pwani na kupanda meli. Hakusikika tena. Wazee wale ni watoto wa yule mkubwa. Kijana alisema yeye ni mjukuu wa yule mdogo, na mkononi alikuwa na nakala ya orodha ya abiria walioshuka London mwaka huo wa 1957. Jina lilikuwa lile lile, na la baba yake pia. Wazee walifurahi sana, wakataka kumkabidhi nusu ya shamba siku ile ile. Wakauliza: "Shekhe, karatasi hii inatosha?"

Jibu lahitaji mambo mawili: kuijua sheria, na kuijua karatasi yenyewe.

NASABU HUTHIBITI KWA NINI?

Kulinda nasabu ni katika makusudio makubwa ya sheria. Katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, tumeamrishwa kuwaita watu kwa baba zao. Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim kuna onyo kali kwa mtu anayejinasibisha kwa asiyekuwa baba yake hali ya kuwa anajua. Kwa hiyo kumwingiza mtu katika ukoo si jambo la huruma tu, kama vile kumtoa aliye wa ukoo si jambo la ubakhili tu. Yote mawili ni dhulma ikiwa hayana hoja.

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i (R.A.), nasabu huthibiti kwa ndoa halali, kwa kukiri, kwa mashahidi wawili waadilifu, na kwa istifadha, yaani habari kuenea kwa watu wengi ambao si rahisi wakakubaliana kusema uongo. Kukiri kuna masharti yake. Mwenye kukiriwa asiwe na nasabu nyingine inayojulikana. Jambo linalokiriwa lisikanushwe na hali ya dhahiri: mtu wa miaka ishirini hawezi kukiriwa kuwa mtoto wa mtu wa miaka ishirini na mitano. Na ikiwa wanaokiri ni warithi wanaomwingiza mtu kwa marehemu, basi wakiri warithi wote, si baadhi yao.

Maandishi yako wapi hapo? Maandishi peke yake, bila shahidi, si ushahidi kamili kwa wanachuoni wetu, kwani hati hufanana na huweza kughushiwa. Lakini hayatupwi. Ni karina, yaani dalili inayoongoza kwenye ushahidi, au inayoonyesha kuwa dai fulani haliwezekani.

DAFTARI ZENYEWE NI ZIPI?

Inafaa ieleweke kuwa hakuna daftari moja la dunia nzima. Kila bandari na kila serikali iliandika kwa haja yake.

Orodha za abiria walioingia Uingereza kwa meli za masafa marefu, kuanzia 1878 hadi 1960, na za waliotoka, kuanzia 1890 hadi 1960, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London. Humo ndimo walimo abiria wa meli kama Kenya na Uganda za kampuni ya British India, zilizokuwa zikienda baina ya London na Afrika Mashariki katika miaka ya 1950. Abiria wa Bombay, Dar es Salaam na Durban, waliopanda meli kama Karanja na Kampala, usiwatafute humo, kwa sababu safari yao haikugusa bandari ya Uingereza.

Wahindi waliopelekwa Natal kwa mikataba ya kazi waliandikwa kwa urefu zaidi. Meli ya kwanza, Truro, ilifika Durban tarehe 16 Novemba 1860, na hadi 1911 walikuwa wamefika watu 152,184. Daftari zao zina namba ya mtu, jina, jina la baba, umri, kijiji, na hata alama za mwilini. Huko Mauritius, nyaraka za wahamiaji wa Kihindi zimehifadhiwa katika Taasisi ya Mahatma Gandhi iliyoko Moka.

Majahazi je? Wengi hudhani kuwa jahazi halikuwa na karatasi yoyote. Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao Zanzibar nayo iliutia saini, uliagiza kwamba jahazi linalobeba abiria Waafrika liwe na orodha yenye jina la kila mmoja, jinsia yake na sifa za umbo lake, na kwamba waulizwe kama wanasafiri kwa hiari yao. Sababu ilikuwa ni kuzuia biashara ya watumwa. Mwenye kutafuta mtu wa zama hizo na aanzie Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani.

WATU WA UKANDA WETU

Ukanda huu ulio baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulipitiwa na misafara ya karne ya 19, na watu wake wengi waliuzwa pwani. Baadhi ya waliotekwa bara walikamatwa baharini na manowari za Kiingereza, wakashushwa Bombay, Aden, Shelisheli na Durban. Mwaka 1873 manowari Briton ilianza kuwashusha Durban, na hadi 1880 walifika watu kama mia tano, wengi wao Wamakua. Waliandikwa na kupewa mikataba ya kazi kama Wahindi. Wakaitwa Wazanzibari, wakashikamana na Uislamu wao, na wadhamini wa Msikiti wa Juma wa Durban wakawanunulia ardhi huko Bluff. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwahamishia Chatsworth. Jina la "Zanzibari" lilikuwa la bandari, si la asili. Anayemtafuta babu yake kwa neno hilo atapotea njia.

Lakini wengi wa wazee wetu hawakupita baharini kabisa. Walikwenda migodi ya Afrika Kusini kwa Wenela, kwa malori na baadaye kwa ndege, au walivuka hapa hapa kuelekea Copperbelt. Wengine walikwenda katani kama manamba, na neno lenyewe linatuambia kuwa mtu alijulikana kwa namba yake. Hao majina yao hayamo katika daftari la meli yoyote. Kumbukumbu za Wenela ziko Johannesburg.

Vile vile, baharia si abiria. Aliyeajiriwa melini huandikwa katika orodha ya wafanyakazi wa meli. Na aliyezamia haandikwi popote, isipokuwa akikamatwa.

NAMNA YA KUSOMA

Kwanza, kuwa na habari za nyumbani kabla ya kuifungua karatasi. Jina lake, la baba, la babu, mama yake, kijiji, alama yake, na nani walikuwa naye siku ya mwisho. Ukianza na karatasi, karatasi itawafundisha wazee la kukumbuka.

Pili, jua kuwa karani aliandika alivyosikia. Neno "bin" huunganishwa na jina, "r" na "l" hubadilishana, jina la kabila au la mji hufanywa jina la ukoo. Umri mara nyingi ni wa kukisia.

Tatu, linganisha tarehe. Wazee wetu huhesabu kwa miezi yetu: Mfungo Mosi ndio Shawwal, Mfungo Tatu ndio Dhul-Hijja. Geuza tarehe hiyo kuwa ya Miladi kabla ya kusema imeafikiana.

Kwa hiyo tulikaa na wazee wale. Orodha ilisema mtu yule alishuka London mwezi wa Mei 1957. Shangazi yao mkongwe, aliyekuwa msichana wakati huo, alisema bila kusitasita kuwa mjomba huyo ndiye aliyechinja Idi Kubwa nyumbani mwaka ule, kabla hajaondoka. Mwaka wenyewe haukuwa wa kukisia, kwa sababu mtoto wa nyumba hiyo aliyezaliwa wiki ile ya Idi ana cheti cha 1957. Tukahesabu: Idi Kubwa ya mwaka 1376 Hijria iliangukia siku za mwanzo za Julai 1957. Mtu hawezi kushuka London Mei, kisha akachinja Mbozi Julai, halafu ndipo asafiri. Jina lilikuwa moja, watu wawili. Majina yale yana wenyewe kumi katika kila msikiti wa nchi hii.

Kijana hakuwa mwongo. Alikuwa na babu wa kweli na karatasi ya kweli. Kilichokosekana ni kiungo baina ya karatasi na shamba.

HUKUMU YA ALIYEPOTEA

Nusu ile ya shamba ni ya nani basi? Ni mali ya mafkudi, aliyepotea na haijulikani yu hai au amekufa. Kwa Shafi'i mali yake hairithiwi mpaka kifo chake kithibiti kwa ushahidi, au kadhi ahukumu kuwa amekufa baada ya kupita muda ambao mtu mfano wake haishi. Watakaorithi ni wale walio hai wakati wa hukumu hiyo, si waliokufa kabla yake. Kwetu hapa jambo hilo lipelekwe mahakama ya mwanzo pamoja na ushauri wa mashekhe. Ukoo usijihukumie wenyewe.

Na aliyepotea akiwa ni mrithi wa mwingine, fungu lake husimamishwa. Mtu akifa na wana wawili, mmoja amepotea, aliyepo hupewa nusu, na nusu huwekwa. Ikithibiti kuwa aliyepotea alitangulia kufa, nusu ile hurudi kwa nduguye. Ikithibiti kuwa alikuwa hai baba alipokufa, basi ni yake, na huenda kwa warithi wake. Hapo tarehe moja katika daftari la meli, ikishuhudiwa kuwa ni yeye, yaweza kuhamisha nusu ya mali. Ndiyo sababu tunasisitiza kuhakiki, na wala hatusemi daftari zipuuzwe. Zina nguvu zaidi katika kukanusha lisilowezekana kuliko katika kuthibitisha peke yake.

Wazee walimwuliza kijana kama atakasirika. Akasema hapana, ila ataendelea kutafuta. Tukamwandikia majina ya vijiji vingine vya kuulizia, akalala Mbozi siku tatu, akala na kuswali nao. Aya ile ile ya Al-Ahzab inayotuamrisha kuwaita watu kwa baba zao ndiyo inayotuambia kwamba tusiowajua baba zao ni ndugu zetu katika dini. Udugu huo hauna haja ya orodha ya abiria. Shamba lina haja ya ushahidi.

Wallahu a'lam.